Jibu la Somo la Tisa

Maître Aurèle wa Grenoble hakuwahi kuzaliwa. Mimi nilizaliwa Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji, na jina langu ni Glody Tshimanga. Ninaanza na hayo mawili kwa sababu kwa karibu mwaka mzima watu wa mji wetu, Likasi, waliamini kinyume chake: kwamba yeye yupo na mimi sipo.

Papa Théodore alinikuta kwenye harusi ya binamu yangu Jessica. Nilikuwa nimepanda juu ya kreti ya bia, ninawasomea maharusi beti nilizowatungia. Yeye alikuwa karani wa vifurushi katika ofisi ya mabasi, mtu mwembamba, mwenye tai hata siku ya Jumamosi. Alikuja na sahani yake ya bukari, ugali wetu, mkononi.

"Petit, kijana, ile maneno ulitoa wapi?"

"Mu kichwa yangu, Papa."

"Mu kitabu gani?"

"Nimesema mu kichwa."

Alinitazama kama anayepima kifurushi kwa macho. "Kesho kuya ku nyumba. Niko na malle ya baba yangu. Nitakuonesha kitu."

Malle hiyo ilikuwa sanduku kubwa la bati, na ndani yake zilikuwa bahasha, mamia ya bahasha. Zamani, kampuni ilipokuwa bado inalisha mji mzima, baba yake Théodore alikuwa akijifunza mambo ya roho kwa posta. Aliandika Ufaransa, na kutoka Ufaransa yalikuja masomo yenye namba, medali, na sala za kusoma mbele ya kioo. Majirani zake walifanya vilevile. Barua ya mbali ilikuwa na uzito ambao mhubiri wa mtaani hakuwa nao.

"Sikiliza," Théodore akaniambia. "Bantu banachoka. Kila avenue iko na kanisa tatu, kila kanisa iko na baffle ine ya kukuza sauti. Makelele, makelele. Minye nataka dini ya kimya. Mutu anapata barua, anafungua na watu yake ya nyumba, anasoma. Hakuna pasta, hakuna baffle. Masomo makumi tano na mbili, moja kila juma. Weye utaandika."

"Na jina yangu?"

"Jina ya nini?"

"Mwenye kuandika."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Glody, nikisema barua inatoka Panda, kwa mutoto ya Mama Marceline mwenye kuuza majani ya sombe, nani atanawa mikono mbele ya kuifungua? Tutaweka Maître, mwalimu mukubwa. Maître Aurèle. Mzee, muzungu, anakaa peke yake ku mulima, Grenoble, kule Ufaransa. Siku ya somo la makumi tano na mbili, tutasema kweli. Tutaandika jina yako kubwa, tutaweka na photo."

Nilimfanya aape. Aliapa, mkono juu ya malle ya baba yake. Nami nikauza jina langu kwa ahadi, maana nilijua kwamba maneno yakishaingia nyumbani mwa watu hayatatoka, na siku hiyo mji wote ungejua umekuwa ukila kutoka sahani ya nani.

Basi tukaanza. Mimi niliandika mashairi na mafundisho, Théodore alipiga chapa. Alizishikilia bahasha za baba yake juu ya mvuke wa sufuria mpaka stempu zikabanduka, kisha akazibandika juu ya bahasha ya kwanza ya kila nyumba, na zote akazigonga muhuri alioutengeneza kwa raba. Barua zilisafiri na madereva wa taxi-bus hadi Kambove na Kolwezi, na waendesha baiskeli wa makaa walizipeleka kule magari yasikofika. Tulijiita Undugu wa Taa.

Sheria yetu ilikuwa moja: bahasha ifunguliwe Jumapili kabla ya chakula, na mwanamke mwenye nyumba, akiwa amenawa mikono, huku wote wamesimama. Ndani ya kila somo kulikuwa na karatasi ndogo ya kurudisha. Juu yake unaandika swali moja tu kwa Maître, na Maître anakujibu.

Usifikiri watu walikuwa wajinga. Mwalimu Joachim, mstaafu, aliyetufundisha hesabu shuleni, aliona kwamba stempu zilikuwa na bei ya franka za Ufaransa, pesa ambayo Ulaya iliacha kuitumia zamani. Alinisimamisha sokoni kunieleza, bila kujua anamweleza nani.

"Unaona ile Maître? Alinunua stempu yake mingi mbele ya pesa kubadilika. Bado anazitumia. Ni mutu ya mpango, si kama sisi."

Nilimkubalia kwa kichwa. Nilikuwa nacheka ndani, na nilikuwa naungua ndani.

Kwa sababu maneno yalifanya kazi. Nilipita avenue za Panda siku ya Jumapili nikasikia, dirisha hadi dirisha, beti zangu zikisomwa na akina mama kwa sauti ya chini. Mlevi mmoja wa mtaa wa Kikula aliacha pombe kwa sababu ya somo la nne. Ndugu wawili walioshitakiana kwa ajili ya kiwanja walipatana baada ya somo la kumi na moja. Nyumba zilifika mia nne. Na kila Jumamosi nilikaa mezani na rundo la maswali. Je, niolewe na huyu? Je, mtoto aende Lubumbashi? Nani amenifunga tumbo? Nilijibu arobaini kabla ya saa sita, kila jibu ubeti mmoja, mbiombio, bila kufuta neno. Nilijisifu kwa hilo. Ni nani mwingine katika Katanga nzima angeweza?

Ilipofika somo la thelathini na nane, nikamkumbusha Théodore photo yangu.

Alikuwa anapanga bahasha. Hakuinua kichwa. "Nilifikiri, petit. Tukimaliza makumi tano na mbili, tutaanza mzunguko ya pili. Maître hawezi kufa sasa. Bantu bananyamaza kwa sababu yake. Bananunua amani."

"Uliapa."

"Niliapa juu ya malle. Stempu iliisha mu malle." Akafunga bahasha kwa ulimi. "Weye unataka nini? Maneno yako inasomwa mu nyumba mia nne. Ni pasta gani iko na ile?"

"Pasta iko na jina."

Mwezi uliofuata aliita mkutano wa kwanza wa Undugu, mchana, katika sala, yaani ukumbi wa sherehe ulio mjini. Watu waliojuana kwa namba tu walionana kwa macho. Kulikuwa na vitenge vipya, kulikuwa na limonadi. Mzee mmoja mfanyabiashara, Papa Urbain, alisimama kushukuru. Aliinua somo la thelathini na sita, lile nililoandika juu ya baba yangu na mikono yake baada ya miaka thelathini ya tanuru.

"Maneno kama haya," akasema, "inaomba mutu mwenye aliteseka na mwenye alisoma. Batoto yetu ya hapa, banajua tu kukopia. Tushukuru muzungu huyu mwenye anatupenda bila kutuona."

Walipiga makofi. Théodore alipiga makofi.

Nilisimama. Sikupanga. Nilipanda juu ya kiti.

"Somo la makumi ine na moja," nikasema, "hamujalipata bado. Litafika Jumapili. Linaanza hivi." Nikalisoma lote kwa kichwa, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na la arobaini na mbili nikalianza.

"Huyu mutoto iko mugonjwa!" Théodore alipiga kelele. "Mumutoshe inje!"

"Nitatoka peke yangu," nikasema. "Nilizaliwa Panda. Yale mikono ni mikono ya baba yangu, Papa Urbain. Ulimujua. Ulikuwa unamupita bila kusalimia."

Théodore alikimbia siku ileile hadi kituo cha magari kuwazuia madereva, lakini bahasha za somo la arobaini na moja zilikuwa zimeondoka Alhamisi. Jumapili, nyumba mia nne zilinawa mikono, zikasimama, zikafungua. Zikakuta maneno yangu.

Nilidhani wangekuja kunibeba mabegani. Lakini hakuna aliyekuja. Jumatatu mtu alitupa bahasha iliyochanwa mlangoni kwetu, na Jumanne zilikuwa rundo. Hawakukasirika sana kwa sababu walidanganywa. Mji huu umedanganywa na wakubwa kuliko sisi. Walikasirika kwa sababu walisimama wima, mikono imenawa, mbele ya mtoto wa muuza sombe. Mama yangu aliambiwa hivyo usoni, sokoni, na yule aliyemwambia alikuwa mwanamke aliyekariri somo la pili mpaka akalia. Wiki ya tatu nilinunua karanga, nikazipata zimefungwa ndani ya somo la sita. Nilikula karanga, nikalikunjua somo, nikalisoma palepale, kwa sauti, mbele ya meza ya muuzaji.

"Bado iko muzuri," nikamwambia muuzaji.

"Karanga ao karatasi?"

"Yote mbili."

"Basi nunua ingine, niko na karatasi mingi."

Mwalimu Joachim peke yake alikuja nyumbani. Alisema stempu zilikuwa zimemsumbua tangu zamani. Alisema pia kwamba ubeti wa tatu wa somo la ishirini una mizani pungufu. Nilihesabu. Alikuwa amesema kweli.

Kisha akaja Théodore, na tai yake, na karatasi moja iliyopigwa chapa upande mmoja. Aliiweka juu ya meza yangu.

"Saini hapa. Inasema uliiba masomo mu ofisi yangu, ukakariri, ukadanganya bantu kwa jeuri. Unaomba Maître msamaha. Nitasoma mu sala, Papa Urbain atasamehe, nyumba mia mbili zitarudia. Nilihesabu."

"Na minye?"

"Weye utaandika, kama zamani. Hakuna mutu atakutafuta kwa kitu. Fikiri vizuri, Glody. Mwenye kuandika iko na matatizo mingi kuliko unafikiri."

Aliiacha karatasi pale. Sikuichana. Ninasema ukweli: siku ile nilikuwa nimechoka kuona mama yangu akirudi na majani yake ya sombe hayajauzwa.

Kesho yake asubuhi, mwanamke mmoja aliuliza njia kutoka bomba la maji mpaka mlangoni kwetu. Alikuwa amefika na lori la samaki kutoka upande wa Koni, penye mitambo ya umeme ya mto Lufira, na nguo zake zilinuka moshi wa kukaushia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi ndogo ya kurudisha, imekunjwa mara nne.

"Ni hapa kwa mwenye kuandika?"

"Karibu, mama."

Hakukaa. "Minye ni Émilienne. Namba mia moja makumi sita na tatu mu Undugu. Bwana yangu ni Placide. Alienda Angola kuchimba almasi, ni miaka ine. Miaka tatu ikapita, rafiki yake alirudia, akasema udongo ilimufunika. Lakini hakuna mutu aliona maiti. Ndugu zake balitaka kuweka kilio. Minye nikasema, tungojee, niulize Maître." Alikunjua karatasi. "Nikauliza mu somo ya kenda: nimulilie ao nimungojee? Soma jibu."

Nilikuwa naijua karatasi. Ilikuwa chapa ya Théodore, maneno yangu.

*Usizime yako taa,*
*njia bado inang'aa;*
*ndani mwako akikaa*
*hajafa aliye mbali.*

"Sikumulilia," akasema Émilienne. "Kila mangaribi niliwasha taa ku mulango. Sisi tunakaa chini ya nyaya ya Koni, umeme inapita juu ya kichwa inaenda, lakini ku nyumba ni petroli. Niliinunua kila juma. Ndugu zake balinitukana. Balisema niko nangojea tu nikamate nyumba. Mama mukwe wangu, Mama Alphonsine, yeye alisimama na minye. Kila Jumapili alinisomesha ile maneno. Alisema, mutoto yangu iko muzima, muzungu wa Mungu amesema. Alikufa mu mvua iliyopita. Hakulilia mutoto yake hata siku moja. Alikufa anatazama mulango."

Mama yangu, aliyekuwa anatwanga uani, aliacha kutwanga.

"Sasa ku soko banasema hakuna Maître. Banasema ni kijana ya Panda. Bengine banasema hapana, kijana ni mwizi, Maître iko. Nimekuja kuuliza mbele ya macho yako. Ni weye, ao ni yeye?"

Karatasi ya Théodore ilikuwa juu ya meza, kati yetu, na kalamu juu yake. Neno moja tu lingetosha. Ningesema ni yeye, mama, mimi niliiba tu. Naye angerudi Lufira akimchukia mtu asiyekuwepo, na mimi ningekuwa mwizi mdogo, asiyedaiwa na mtu jibu lolote. Ndipo nilipoelewa Théodore alimaanisha nini kwa matatizo ya mwenye kuandika. Nilielewa pia kwamba nikilikana lile la tisa, sina haki ya la thelathini na sita, wala ya mikono ya baba yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Weye njo uliandika hii?"

"Minye njo niliandika. Peke yangu. Hapa, ku meza hii."

"Ulijua kitu juu ya Placide?"

"Hapana."

"Mutu alikuambia? Uliona ndoto?"

"Hapana, mama. Sikujua kitu."

"Sasa sababu ya nini uliandika?"

Nilitafuta jibu zuri, nikaona kwamba uzuri ndio ulionifikisha pale. "Ilikuwa muzuri. Nilikuwa na maswali makumi ine. Ile maneno ilikuja, ilikuwa muzuri, nikaiacha."

Alinisogelea hatua moja. Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa nimeamua kutosogea.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Ilikuwa muzuri. Njo vile ilituua." Akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. "Siku ya posho, Jumamosi, tunaweka kilio ya Placide. Na ya mama yake, sababu alikufa bila kulia. Utakuya. Utasimama mbele ya ndugu zake, utasema ni weye. Minye sitasema mu nafasi yako."

"Nitakuya."

"Banaweza kukupiga."

"Najua."

"Basi vaa viatu ya kukimbilia."

"Sitakimbia, mama."

"Ah bon," akasema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea kidogo. "Kiburi yako iko kubwa kuliko nyumba yenu."

Jumamosi nilipanda lori la samaki. Théodore alinikuta kituoni, alikuja kutafuta saini. Nilimwonesha karatasi yake. Upande wa nyuma, ulio mtupu, nilikuwa nimeandika mistari minne. Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati.

"Unaenda kuua Undugu kabisa," akasema.

"Ulisema Maître hawezi kufa. Ngojea basi uone."

Chini ya nyaya kulikuwa na turubai la bluu, viti vya kukodi, wanawake wameketi chini, miguu wameinyoosha. Mbele ya mlango, juu ya kigoda, ilikuwa taa, kioo chake kimesuguliwa, imewashwa ingawa jua lilikuwa kali. Émilienne alinishika mkono akanipeleka katikati, kama anavyoletwa mtu mahakamani.

"Huyu njo Maître," akasema. Akaniacha pale.

Nilisema jina langu. Nilisema jina la baba yangu, la mama yangu, na nyumba ya tatu kutoka bomba la maji. Nilisema niliandika jibu la somo la tisa bila kujua kitu. Kaka yake Placide, Rémy, mtu mwenye kifua kama mlango, aliinuka akanikamata kola.

"Mama yangu alikufa na maneno yako mu kinywa!"

"Njo sababu nimekuya."

"Unajua nitakufanya nini?"

"Fanya. Lakini niache nimalize kwanza."

Sijui kama ni ujasiri wangu au ni Émilienne aliyesema "Rémy, mwache." Mkono wa Rémy ulilegea lakini haukuondoka kolani. Nilisoma hivyohivyo, nimeshikwa.

*Sikujua, nikasema.*
*Machozi nikayazima.*
*Sasa lia, wewe mama:*
*Placide amelala mbali.*

Hakuna aliyepiga makofi. Kilio hakipigiwi makofi. Émilienne aliinyanyua taa kutoka kigodani, akaileta mpaka usoni pangu, nikahisi joto lake juu ya midomo.

"Izime. Ni weye uliiwasha."

Nilipuliza. Ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikazimika, na moshi ukaingia machoni mwetu sote watatu. Ndipo Émilienne alipofungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya miaka minne. Wanawake waliipokea kutoka chini ya turubai. Rémy aliachia kola yangu ili ajifunike uso.

Alinipiga baadaye, kofi moja, tulipokuwa tunanawa mikono kwa ajili ya bukari. Kisha akanisogezea sahani ya samaki.

Undugu wa Taa umekwisha. Théodore amerudi kwenye vifurushi vyake, na husema kwa yeyote anayesikiliza kwamba Maître alikufa kwa huzuni huko Grenoble. Karatasi aliyotaka niitie saini iko Koni, imebandikwa ukutani kwa Émilienne, upande wa chapa umegeukia matofali. Upande unaosomeka una mistari minne, na chini yake, kwa herufi kubwa, GLODY TSHIMANGA, PANDA.

Majibu mengine niliyotoa bado yako mikononi mwa watu. Wiki iliyopita alikuja mwanamke wa Kambove aliyeolewa kwa ubeti wangu. Jana alikuja mzee na karatasi yake imelowa jasho. Mama yangu ameweka benchi nje. Wengine wanakuja kutukana, nao ninawapa nafasi ya kukaa. Sijafunga mlango, na sitaufunga.